Foili na ukwaju haviivi chungu kimoja

Kwa kawaida hii kona ya maswali huwa nachanganya mambo ya jikoni ya kila aina, ila mwezi huu nimeweka mengine yote pembeni. Toleo lililopita nilitaja samaki wa kuchoma kwenye foili, ile karatasi ya alumini, mstari mmoja tu nilioandika, na meseji zilizoingia huku Tanga kutoka Ngamiani, Makorora, Muheza mpaka Pangani zimejaza simu. Nikaona kumbe hii karatasi iko kila nyumba, kila kwa mama lishe, kila kwenye shughuli, na wengi wetu tunaitumia kwa mazoea tu bila kuijua vizuri. Zinazofanana nimeziunganisha, hizi hapa ndio zimebaki.

*Shikamoo shangazi. Mimi na wifi yangu hatuelewani. Yeye anasema upande wa foili unaong'aa uwe ndani umguse samaki ili moto urudi ndani, mimi mama yangu alinifunza upande unaong'aa uwe nje. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Ngamiani)*

Marahaba mwanangu. Rudi ukae na wifi yako mle samaki wenu kwa amani, maana upande wowote ni sawa.

Nikueleze ule mng'ao unatoka wapi. Foili inapitishwa kwenye rola za chuma mara nyingi, kila ikipita inazidi kuwa nyembamba, sasa ikifika awamu ya mwisho inakuwa nyembamba kiasi kwamba ukiipitisha peke yake inachanika, kwahiyo kiwandani wanalaza shiti mbili pamoja zinapita kati ya rola kwa mpigo mmoja. Rola yenyewe imesuguliwa mpaka imekuwa kama kioo, basi upande uliogusa rola unatoka unang'aa, na upande ulioelekeana na mwenzake unatoka umefifia, alafu zinatenganishwa kila shiti inazungushwa kwenye roli lake. Hakuna aliyekaa akapanga kwamba upande huu wa moto na huu wa baridi. Tofauti ya joto kati ya pande mbili ni ndogo mno, jikoni huwezi kuiona. Mimi nilijaribu kwa vibua viwili vya kilo sawa, kimoja nimekifunga hivi kingine vile, dakika zile zile, jiko moja, na waliokula hawakuweza kuniambia kipi ni kipi.

Isipokuwa kitu kimoja. Kuna foili zinazouzwa kwamba hazigandi na chakula, hizo zimepakwa dawa upande mmoja na boksi lake linakwambia upande gani uguse chakula. Hapo fuata boksi.

*Asalaam aleykum dada. Nilimkolezea samaki aina ya changu kwa ndimu, ukwaju na chumvi, nikamlaza kwenye trei, nikamfunika foili usiku kucha kwenye friji. Asubuhi foili ina matundu! Nimeuziwa foili feki? Na je yule samaki ana sumu, maana tulishamla. (Mama wa watoto watatu, Makorora)*

Waaleykum salaam dada yangu. Hujauziwa feki, na tafadhali usikae na hofu kwa mlo mmoja. Lakini swali lako ndilo lililonifanya nitoe ukurasa mzima kwa foili, kwasababu sisi watu wa pwani kila kitu kizuri tunakipika na ndimu, ukwaju, nyanya na chumvi, na hivyo vinne ndivyo foili haivipendi kabisa.

Yalishanikuta. Tulikuwa na hitma nyumbani, kuku wa ukwaju wamegawanywa trei mbili, moja ya stenlesi moja ya plastiki, zote nikazifunika foili moja ileile nikaikandamiza mpaka ikagusa nyama. Alfajiri nafungua friji, ile ya stenlesi foili imejaa vitundu vidogo vidogo, ukiinyanyua kwenye taa ni kama chekecheo, na chini ya kila kitundu juu ya nyama kuna kidoa cha kijivu, ukionja pale unasikia ladha ya chuma kwenye ulimi. Trei ya plastiki foili imefifia kidogo tu palipogusa. Kuku ni wale wale na ukwaju wa chungu kimoja. Vipande vya juu vyenye madoa nikavitoa, ila iliniuma sana, na sikulala mpaka nikatafuta sababu.

Sababu ni hii. Alumini ikikutana na hewa inajivika ngozi ya oksaidi, nyembamba mno huioni, na hiyo ngozi ndio kinga yake, ndio maana sufuria haiozi kama chuma kinavyopata kutu. Asidi ya ndimu, ukwaju, siki na nyanya inaila ile ngozi, chumvi nayo inaitoboa. Kinga ikishatoka alumini inaanza kuyeyukia kwenye chakula. Hapo bado hatujaongeza trei ya stenlesi. Stenlesi ni metali nyingine, alumini ni metali nyingine, ukiziweka zigusane alafu katikati kuna mchuzi wa chumvi umetengeneza betri, betri kabisa, umeme mdogo unapita, na kwenye betri hiyo anayeliwa siku zote ni alumini. Plastiki na bakuli la kioo havipitishi umeme, ndio maana trei yangu ya pili ilisalimika.

Sasa suala la afya. Kiasi kinachoingia kwenye chakula kwa siku moja ni kidogo, na mtu mwenye figo nzima sehemu kubwa ya kilichofyonzwa mwilini anaitoa kwa mkojo. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya mwaka 2008 waliweka kikomo cha miligramu 1 ya alumini kwa kila kilo ya uzito wako kwa wiki, yaani mtu wa kilo 60 asipitishe miligramu 60 kwa wiki kutoka kwenye vyakula vyake vyote. Mtoto wa kilo 12 ni miligramu 12, kwahiyo hao wadogo ndio wa kuwaangalia zaidi, na mgonjwa wa figo pia, huyo azungumze na daktari wake. Wengine mmeniuliza kama foili inaleta ule ugonjwa wa wazee kusahau, jibu ni kwamba jambo hilo limechunguzwa miaka mingi na halijathibitishwa. Mimi sababu ya kuwaambia muache kulaza ndimu kwenye foili sio hiyo, ni kwamba hakuna haja ya kula metali wakati njia ya kuiepuka tunayo nje ya mlango.

Njia yenyewe ni jani la mgomba. Bibi zetu walikuwa wanafunga samaki kwa jani kabla foili haijafika madukani. Chukua jani, toa ule uti wa katikati, lipitishe juu ya moto taratibu utaliona linabadilika, linakuwa kijani cha kung'aa linalainika kama kitambaa, sasa halichaniki. Mlaze samaki wako na viungo vyake, ndimu na ukwaju weka utakavyo, funga, alafu foili ije nje ya jani. Foili inazuia mvuke na majivu, jani linagusa chakula, na harufu utakayoipata ukifungua pale mezani mwenzangu foili peke yake haiwezi kukupa. Ukikosa jani tumia karatasi ya kuokea. Na ukimkoleza usiku kucha mweke kwenye bakuli la kioo au plastiki lenye mfuniko, foili ya nini humo.

Kitu kingine, kifurushi kiweke kwenye waya juu ya makaa, usikizike ndani ya makaa yenyewe. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 na makaa yaliyopepewa yakawa mekundu yanafika huko na kupita. Samaki ana maji ndani ndio yanaokoa sehemu kubwa, ila ile mikunjo ya pembeni isiyogusa samaki inaungua na mchuzi wote unamwagikia jikoni.

*Shangazi mbona chapati zangu nikizifunga foili zinatoka na maji? Na foili si inatunza joto? (Mama lishe, stendi)*

Foili yenyewe haina joto la kutunza mdogo wangu, kazi yake ni kuzuia mvuke usitoke na hewa ya nje isiingie. Mvuke wa chapati ukikosa pa kwenda unageuka maji kwenye foili unakurudia. Acha zipumue dakika mbili tatu, zifunge kwanza kwenye kitambaa safi cha pamba, alafu foili, alafu hotpoti. Kitambaa ndio kinanywa maji. Na pilau iliyobaki kwenye shughuli usiiache imefungwa foili mezani mpaka usiku kwa joto letu hili la Tanga, masaa mawili yasipite, iingie kwenye friji, maana ule uvuguvugu ndani ya foili ndio vijidudu vinautafuta.

*Shikamoo. Mwalimu alisema foili inatoka kwenye udongo na kwamba udongo huo upo hata kwetu Lushoto. Ni kweli? Udongo unakuwaje karatasi? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu)*

Marahaba mwanangu, na umpe mwalimu wako salamu zangu, amekwambia kweli. Udongo huo, au tuseme mwamba, unaitwa boksiti, na huko Magamba kwenye milima ya Usambara upo. Jina limetoka kijiji cha Les Baux kusini mwa Ufaransa, ndiko mtaalamu Pierre Berthier alikouchunguza mwaka 1821. Wanaochimba boksiti nyingi zaidi leo ni Guinea na Australia. Ila kuwa na boksiti na kuwa na alumini ni mambo mawili tofauti, Tanzania hatuna kiwanda cha kuitoa alumini kwenye mwamba, na ukisoma kinachofuata utaelewa kwanini sio kila nchi inayo.

Kwanza boksiti inasagwa, inapikwa kwenye kostiki soda, ile ile wanayotumia akina mama wa sabuni, kwa joto kali na presha. Kilicho alumini kinayeyuka humo, chuma na uchafu vinabaki kama tope jekundu. Wakishachuja, wanachokipata wanakichoma zaidi ya nyuzi 1,000 kinakuwa unga mweupe unaoitwa alumina. Njia hii aliigundua Karl Josef Bayer mwaka 1888 na mpaka leo ndio hiyo.

Ukiushika ule unga huwezi kuamini kuna metali ndani. Alumini imeshikana na oksijeni kwa nguvu sana, moto wa kawaida wa mkaa unaotoa chuma kwenye mawe yake hauwezi kuitenganisha, ndio maana watu walitumia chuma maelfu ya miaka na alumini wakawa hawana. Ilipoanza kupatikana, karne ya 19, ilikuwa mali ya kifahari. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza mnara wao mkubwa wa Washington kule juu kabisa waliweka kipande cha alumini kisichofika kilo 3, kama kito.

Alafu mwaka 1886 vijana wawili, mmoja Mmarekani Charles Martin Hall mwingine Mfaransa Paul Héroult, kila mmoja kwake bila kujuana, wakapata njia moja. Wote walizaliwa 1863, kwahiyo walikuwa na miaka 22, 23 hivi. Hall alikuwa anafanyia majaribio kwenye banda la kuni nyuma ya nyumba yao huko Oberlin, Ohio, na dada yake Julia aliyesoma kemia vile vile alikuwa naye bega kwa bega. Na wote wawili, Hall na Héroult, wakaja kufa mwaka mmoja, 1914. Walichogundua ni kwamba alumina, ambayo peke yake haiyeyuki mpaka uvuke nyuzi 2,000, inayeyuka vizuri ndani ya madini yanayoitwa kraiolaiti kwenye nyuzi 960 hivi, sasa ukipitisha umeme mkubwa humo alumini inazama chini ikiwa majimaji, oksijeni inaungana na kaboni ya nguzo za umeme inatoka kama gesi. Hii ndio elektrolisisi utakayoisoma, ukifika hapo kumbuka karatasi ya samaki.

Umeme wake sasa. Kilo moja ya alumini inakula uniti 13 mpaka 15. Wewe mwambie mama akuoneshe uniti za LUKU mnazotumia kwa siku utashika kichwa. Na ili upate tani moja ya alumini unahitaji kama tani 2 za alumina, na hizo zinatoka kwenye tani 4 au zaidi za boksiti. Ndio sababu viwanda hivi vinafuata umeme, kama kile cha Mozal kilichojengwa karibu na Maputo kwa jirani zetu wa Msumbiji.

Karatasi inatokea hivi. Alumini ya foili huwa safi asilimia 98 mpaka 99, imechanganywa na chuma na silikoni kidogo tu. Inamiminwa kuwa pande kubwa nene kama godoro, inapigwa rola ikiwa moto mpaka inabaki milimita chache, inakuja kupigwa rola ikiwa baridi. Metali ikipigwa inakuwa ngumu, kwahiyo katikati wanairudisha kwenye tanuri ilainike ndio waendelee. Mwisho wa yote inaingia tena tanuri, hapo inafanya kazi mbili, inalainika kabisa iweze kukunjika mkononi mwako, na mafuta ya kulainisha rola yanaungua yote. Mashine za mwisho zinakimbiza zaidi ya mita 1,000 kwa dakika, yaani kwa dakika moja tu karatasi ya zaidi ya kilomita nzima imeshapita.

Aliyeanzisha kupiga foili ya alumini kwa rola bila kukatika ni Robert Victor Neher wa Uswisi mwaka 1910. Kabla ya hapo watu walikuwa wanafungia vitu kwa foili ya bati, ile bati halisi inayoitwa tini, ilikuwa ngumu na inaachia ladha kwenye chakula. Mwaka 1911 watengeneza chokoleti wa Tobler wakaanza kufungia foili ya alumini, na nyingine mnaijua wenyewe.

*Dada, mimi napika shughuli. Maroli ya foili bei zinapishana sana na nyingine zinachanika ukizigusa. Nitajuaje nzuri nikiwa dukani? (Mpishi, Chumbageni)*

Pima kilo. Hapana, sifanyi mchezo, mzani wa duka unatosha.

Foili ya kawaida ya nyumbani ina unene wa maikroni 16 hivi, yaani milimita 0.016, unywele wa kichwa ni mnene mara 4 kuliko hiyo. Ile imara ya trei nzito inafika 24. Zile zinazochanika ukizitazama ni maikroni 10, 11. Tatizo boksi nyingi zinaandika urefu na upana kwa herufi kubwa, unene ukiutafuta hauoni. Sasa alumini uzito wake haubadiliki, sentimita moja ya ujazo ni gramu 2.7, kwahiyo uzito hauwezi kukudanganya. Roli la upana wa sentimita 30 na urefu wa mita 10, likiwa la maikroni 16, foili yake inatakiwa iwe gramu 130. Ikiwa ni maikroni 10 itakuja gramu 81 tu. Tofauti ni karibu gramu 50, hata mzani wa nyanya unaiona. Ondoa boksi, na kile kibomba cha karatasi cha katikati kisikuibie, viko vizito kuliko unavyofikiri, ukimaliza roli moja kipime ujue kina gramu ngapi, ukienda tena unatoa.

Nina jirani anapika maharusi, alikuwa analalamika roli la mita 10 halimalizi trei nne. Tukafungua pale barazani tukapima kwa futi ya fundi cherehani, mita 7 na kidogo. Kwahiyo ukinunua jumla fungua moja upime kabla hujalipia katoni. Nasema hivi kwa uchungu kwasababu mpishi wa shughuli anakula kwenye kilichobaki, akiibiwa karibu mita 3 kila roli ndio faida yake yote imeondoka.

Alafu shika kipande mlangoni ukielekeze juani. Nyembamba sana utaona vinukta vya mwanga, hivyo ni vitundu vya kiwandani, vinatokea metali ikipigwa nyembamba mno. Kwa kufunika pilau haina neno, kwa nyama ya kukaa friza chukua nene.

*Maikrowevu? (Raskazone, bila jina)*

Usiweke. Ncha na mikunjo ya foili inapiga cheche na unaweza kuharibu mashine au kuwasha moto. Oveni ya gesi na umeme wa kawaida ruksa, ila usitandike foili chini ya oveni wala kuziba matundu ya jiko la gesi ukisema unakinga uchafu, moto unakosa hewa na joto linarudi lisipotakiwa.

*Je pakiti za krispi na za dawa nazo ni foili? Mwanangu anazikusanya anasema atauza skrepa. (Baba, Pangani)*

Kaka, mfundishe mtoto hili jaribio, ni zuri. Afinyange pakiti kwenye ngumi alafu afungue mkono. Ikibaki imefinyangika ni foili. Ikijikunjua yenyewe taratibu ikafunguka ni plastiki iliyopuliziwa mvuke wa alumini ndani ya chombo kisicho na hewa, alumini yake ni nyembamba mno kuliko hata foili nyembamba kabisa, skrepa hawawezi kuitaka. Pakiti nyingi za krispi ni hizo. Boksi la maziwa yanayokaa bila friji lenyewe ni karatasi, plastiki na katikati foili ya kweli ya maikroni 6 au 7, inazuia mwanga na hewa, lakini vimegandana, fundi hawezi kuvitenganisha kwenye jiko.

Za dawa ndio foili halisi, ile unayoitoboa kidonge kikatoka, na hapa naomba mnisikilize. Pale kwenye dawa mseto ya malaria, ALu, na nyingine nyingi, foili imewekwa kuzuia unyevu, na sisi tunakaa na bahari mlangoni, chumvi tu kwenye kibakuli inalowa. Kuna wazazi wanavitoa vidonge vyote kwenye karatasi yake wanavitia kwenye kichupa eti visipotee. Msifanye. Toboa kimoja wakati wa kukinywa, vingine viache kwenye nyumba yake.

*Bangili za fedha za marehemu bibi zimekuwa nyeusi, nimesikia foili inazisafisha. (Mjukuu, Ngamiani)*

Inasafisha, na kwa bangili za urithi ni bora kuliko kuzisugua na majivu, kwasababu weusi ule ni fedha yenyewe imeungana na salfa ya hewani, ukisugua unaitoa fedha ya bibi yako kila mara.

Tandika foili ndani ya bakuli la kioo au udongo, bangili zilaze juu zigusane nayo, nyunyiza kijiko cha bekingi soda na chumvi kidogo, mimina maji yaliyochemka. Utaona mapovu, utasikia harufu kama ya yai bovu, hiyo ni salfa inaondoka, na weusi unafifia ukiwa unatazama. Ni ile ile betri ya trei ya kuku niliyoisema juu, safari hii inatufanyia kazi, alumini inajitoa yenyewe fedha inarudi. Dakika 5 mpaka 10, suuza, kausha na kitambaa laini. Zenye mawe, lulu au zilizobandikwa kwa gundi usizitie. Na zile zenye nakshi zilizotiwa weusi makusudi na sonara zitapoteza weusi huo, hizo mpelekee sonara mwenyewe.

*Foili iliyotumika nitupe wapi? Wanunuzi wa vyuma chakavu wanaikataa. (Mama lishe, Makorora)*

Wanaikataa kwasababu mbili, mafuta na wembamba. Nilikaa na fundi mmoja wa kumimina sufuria akanionesha. Alitupa foili iliyotandazwa kwenye chungu chake cha kuyeyushia, ikaungua ikawa ganda la kijivu, hakupata hata tone. Karatasi nyembamba ina ngozi nyingi ya oksaidi ukilinganisha na nyama yake, na kwenye moto ngozi inaongezeka. Alafu akachukua foili ileile akaibana kwa nyundo ikawa donge gumu kama jiwe, akalizamisha ndani ya alumini iliyokwisha kuyeyuka, donge likanywea humo humo.

Kwahiyo osha, kausha, usirundike kwenye mfuko. Anza na donge dogo, kila siku ongeza foili juu yake uibane, likifika saizi ya nazi kavu ndio umpelekee. Makontena ya foili ya kubebea chips ni mazito kidogo, yaponde yaingie ndani ya donge kwanza. Kuiyeyusha alumini iliyokwisha kutumika kunataka kama asilimia 5 tu ya nguvu iliyotumika kuitoa kwenye boksiti, yaani zile uniti 14 za kilo moja zinabaki kama robo tatu ya uniti. Yule fundi alinunua donge langu kwa bei ya skrepa laini, akaniambia nikileta safi namna ile hatakataa, na wiki iliyofuata nikampelekea la jirani yangu mpishi, akalipima akalipa.